Kutembea kwa miguu kwenye msitu wa ukungu wa Salalah, hatua kwa hatua (kwa wale waliochoka kuuona kwa dirisha la gari)

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba simu yangu inajaa. Ndugu wa Unguja, washkaji wa Dar, mpaka shangazi mmoja wa Mombasa, wote wanauliza swali moja: nasikia huko Oman kuna mahali kunakuwa kijani na baridi wakati Muscat watu wanaiva, tunafikaje? Basi nimeona niandike mara moja tu, kila akiuliza mtu namtumia hii.

Mahali penyewe ni milima ya Dhofar, kusini kabisa mwa Oman, juu ya mji wa Salalah. Majira yenyewe wanaita khareef. Na kabla hujaanza kupanga elewa kwanza kinachotokea kule, maana ukielewa hili mengine yote ya huu mwongozo yanaingia yenyewe. Ule upepo wa kusi tunaoujua sisi, uliokuwa unarudisha majahazi Uarabuni, ndio huohuo unaopiga pwani ya Dhofar. Ukifika kule unasukuma maji ya juu ya bahari kwenda mbali, maji baridi ya chini yanapanda, hewa yenye unyevu ikipita juu yake inapoa inakuwa ukungu, ukungu unasukumwa unagota kwenye milima. Juu yake kuna hewa ya moto na kavu kutoka jangwani, imekaa kama kifuniko cha sufuria, kwahiyo lile wingu halina pa kwenda, linakaa hapohapo miezi mitatu linalowesha miti. Kwa ufupi kipupwe chetu ndo khareef yao.

Mvua ya maana hainyeshi, ni rasharasha tu. Ila ingia chini ya mti mkubwa usimame kimya dakika mbili. Nje ya mti hakuna kitu, chini ya mti tone, tone, tone, mpaka kola inalowa. Majani yanauchuja ukungu kama kitambaa, maji yanadondoka kwenye mizizi. Wataalamu walishapima, hayo maji ya kuchujwa ni sehemu kubwa ya kinachoulisha ule msitu. Watu wengi wanafika Salalah wanakaa siku tatu na hawajawahi kusikia hiyo sauti, kwasababu hawakushuka kwenye gari. Wanapaki kando ya barabara, wanatandika mkeka, wanachoma nyama, picha, wanaondoka. Mi sina ugomvi na nyama. Ila huo sio msitu jamani, huo ni ukingo wa barabara.

Hatua ya 1: Chagua wiki yako vizuri

Khareef kwa hesabu ya serikali inaanza tarehe 21 Juni na kuisha 21 Septemba. Usidanganyike ukaja tarehe 22 Juni ukitegemea kijani, wiki za mwanzo ukungu upo ila majani bado hayajaota, unatembea kwenye vumbi lililolowa. Kijani chenyewe kinakaza kuanzia katikati ya mwezi wa 7, na wa 8 ndo kileleni. Tatizo la mwezi wa 8 ni watu, magari kutoka nchi zote za Ghuba, hoteli zinapandisha bei mpaka unajiuliza kama umekosea mji, mwaka 2024 wageni wa khareef walipita milioni moja. Ukiniuliza mimi, kwa mtu wa kutembea kwa miguu njoo wiki ya kwanza au ya pili ya Septemba. Kijani bado kipo, watoto wamerudi shule, na ukungu unaanza kuachia mchana kwahiyo unaona unapokanyaga. Wenyewe kipindi cha baada ya hapo wanakiita sarb, jua limetoka na milima bado mibichi. Ni kizuri sana, ila wewe umekuja kwa ajili ya ukungu.

Ijumaa na Jumamosi ndo wikiendi huku. Panga kutembea Jumapili mpaka Jumatano.

Hatua ya 2: Kufika, na suala la gari

Visa inaombwa mtandaoni kwenye tovuti ya polisi wa Oman, fanya mapema, angalia na masharti ya pasipoti yako. Ukishafika Muscat kuna ndege, safari ya muda wa saa moja na nusu na kidogo mpaka Salalah, au basi la masaa kama 12, kilomita elfu moja za jangwa. Mie nawashauri wenye muda wapande basi walau safari moja. Sababu ni hii: unakula jangwa siku nzima, Adam, Haima, Thumrait, kila kitu rangi ya biskuti, halafu baada ya Thumrait barabara inaanza kushuka mlima na ndani ya kilomita chache, wallahi, kioo kinaingia ukungu na pembeni kuna ng'ombe kwenye majani. Mzee mmoja pembeni yangu alifungua dirisha akatoa mkono nje kama mtoto.

Salalah kwenyewe bila gari huendi kokote. Kodisha gari yenye kimo, ya 4x4 kama unataka kwenda kwenye njia za udongo kama ile ya Ain Khor, vinginevyo saluni ya kawaida inatosha kwa sehemu nyingi maana lami iko nzuri. Piga picha gari pande zote kabla hujaondoka nayo, mpaka chini ya bampa. Mimi mwaka wa kwanza sikupiga, nikalipishwa mkwaruzo ambao niliukuta.

Kuendesha kwenye ukungu: taa za chini sio full, ukiwasha full unajimulikia ukuta mweupe. Mwendo wa pole, usipite gari la mbele kwenye kona. Ngamia hawana taa wala haraka, anaweza kuwa kasimama katikati ya lami anakuangalia tu. Na usipande na gari juu ya majani, ni marufuku, afu ni aibu, zile alama za matairi zinakaa mpaka mwakani.

Hatua ya 3: Viatu kwanza, mengine baadaye

Hapa ntakaa kidogo maana hapa ndo watu wanaumia. Udongo wa kule ukilowa unakuwa kama mlenda, sio utani. Juu kuna majani mafupi mazuri, unaona kama zulia, unakanyaga, chini kuna tope la mfinyanzi juu ya jiwe la chokaa, mguu unaondoka peke yake. Binamu yangu alikuja na raba nyeupe mpya, zile za kutembelea mjini, soli bapa. Hatukumaliza mita mia. Alianguka mara ya kwanza tukacheka, ya pili tukacheka, ya tatu kiganja kilichanika kwenye jiwe na kicheko kikaisha.

Chukua buti zenye meno marefu, yenye nafasi kati ya jino na jino ili tope lisijae. Zivae nyumbani wiki mbili kabla, usije kuzifungua boksi mlimani. Funga kamba hivi: ukifika pale mguu unapokunjia piga fundo mara mbili, ndo uendelee juu, hapo kisigino hakichezi wakati wa kushuka. Kata kucha za miguu. Soksi pea mbili, moja iwe kwenye mfuko wa nailoni. Na fimbo, ya dukani au kijiti chochote kigumu, wachungaji wa kule wote wana bakora na sio kwa urembo.

Mengine haraka haraka: koti jepesi la mvua (mwavuli hauna kazi, ukungu unakuja kwa pembeni), nguo za kukauka upesi maana jinzi ikilowa imelowa mpaka kesho, firimbi, tochi, pawabenki, maji lita mbili japo hutohisi kiu, tende, dawa ya mbu, plasta na bandeji. Joto la mlimani linacheza kwenye ishirini na kidogo, kwa mtu wa Lushoto ni kawaida tu, kwa mtu aliyetoka Muscat kwenye arobaini na kitu mwili unashtuka, beba fulana ya ziada.

Na kitu kimoja ambacho hutokiona kwenye orodha za wengine: kanga kuukuu nyekundu, ichane vipande vya upana wa vidole viwili. Kazi yake ntakuambia hatua ya 5.

Hatua ya 4: Anza rahisi, afu panda

Siku ya kwanza nenda Wadi Darbat, kilomita kama 40 mashariki ya mji, unapita Taqah. Ndio, kuna watu, kuna viboti, kuna foleni ya chipsi. Wewe pita wote, endelea na bonde kwa miguu mpaka kelele ziishe. Kuna mikuyu na mikwaju, mkwaju huuhuu wetu wa juisi, na mti ule mkubwa wenye majani madogomadogo ambao ndo mwenye msitu, kitaalamu unaitwa Terminalia dhofarica, zamani wakiuita Anogeissus, nje ya Dhofar na kipande cha Yemen cha jirani huupati. Kuhusu maporomoko ya Darbat, ile picha maarufu ya ukuta mzima wa maji unamwagika mita mia, ile inatokea mvua kubwa ikipiga, mfano baada ya kimbunga Mekunu, Mei 2018. Khareef ya kawaida utapata maji lakini sio yale, usije ukaona umeibiwa.

Siku ya pili, na hii ndo siku yenyewe kwangu, nenda Wadi Hinna. Iko upande wa mji wa Mirbat, kwenye barabara ya kupanda Tawi Atair. Unaacha gari, unatembea kwenye mteremko, na kwenye ukungu inaanza kutokea mibuyu. Mibuyu kabisa! Sio mti unaofanana na mbuyu. Nilisimama nikagusa gome nikasikia harufu ya shule ya msingi. Kilichonichanganya ni majani, kwetu kipupwe mbuyu unapukutika unabaki kama umepandwa kichwa chini, huku msimu huohuo ndo umevaa majani yote na yanadondosha maji. Nenda polepole, zunguka mmojammoja, usichonge jina lako, wameshachonga wajinga wa kutosha.

Ukitoka hapo panda na gari mpaka Tawi Atair, maana yake kisima cha ndege, ni shimo la ardhini la kina cha mita 211, ukiwa na bahati ukungu unafunguka unaona chini, ukikosa unasikia ndege tu wakilia kutoka kwenye weupe. Halafu malizia mlima wa Jabal Samhan. Pale umeshavuka kile kifuniko nilichokisema, upo juu ya mita elfu moja, jua kali, vumbi, na chini yako wingu limelala kama sufi. Hatua chache tu nyuma ya ukingo hakuna hata jani. Hapo ndo utaelewa msitu wote huu ni ukanda mwembamba tu, upande mmoja wa mlima.

Hatua ya 5: Kutembea ndani ya ukungu wenyewe

Mwaka juzi, juu ya mlima wa Ittin. Tulisimama mara moja, binamu anataka picha na ng'ombe. Tukatembea, nadhani hatua arobaini, sio zaidi. Tukapiga picha. Tukageuka. Hamna gari. Hamna barabara. Hamna hata mteremko wa kukuambia chini ni wapi, weupe tu, na ng'ombe naye kaondoka. Nikasema iko huku, yeye akasema iko kule, na kila mmoja ana uhakika. Tulizunguka kama robo saa tukibishana mpaka akatokea mzee mchungaji na bakora yake, kavaa shuka kiunoni, akatuangalia kutoka viatu mpaka kichwa. Nikamsalimia, nikamwambia kwa Kiarabu changu, ami, tumepoteza gari. Hakujibu kitu, aliinua bakora akaonyesha nyuma yangu. Tukatembea tukahesabu, hatua kumi na nane.

Kwahiyo taratibu zangu tangu siku hiyo ni hizi. Kabla hujafunga mlango wa gari weka pini kwenye ramani ya simu, na ramani uwe umeshaidaunlodi kwenye wifi ya hoteli maana mabondeni mtandao unakufa. Angalia upepo unakupiga shavu gani, kusi ule hautulii lakini haubadiliki ovyo, ukienda unakupiga shavu la kushoto basi ukirudi uwe wa kulia. Kila ukikaribia kupoteza alama ya nyuma, funga kipande cha kanga kwenye tawi usawa wa macho, kingine kifunge pale ambapo ukisimama bado unakiona cha kwanza. Ukirudi unavifungua kimojakimoja, usimwachie mtu uchafu, na mbuzi wanakula kila kitu. Nyekundu inaonekana, njano inapotea, nimejaribu.

Mkiwa wawili au zaidi, wa nyuma ndo mwenye amri. Akisema simama, simameni. Msiachane kwa umbali ambao huoni rangi ya nguo ya mwenzio. Na ukingoni mwa mabonde kaa mbali, kuna kuta za mawe zinakatika ghafla na majani yamefunika mdomo wake. Usione ng'ombe kapita ukadhani na wewe utapita.

Ukipotea kweli, kaa. Usishuke bonde kufuata sauti ya maji. Bonyeza rimoti ya gari usikilize kama italia, puliza firimbi mara tatu, subiri, rudia. Ukungu una tabia ya kupumua, kila baada ya muda unafunguka sekunde chache, na mara nyingi hizo sekunde zinatosha kuona barabara. Namba ya polisi na dharura ni 9999.

Anza kutembea saa 12 na nusu asubuhi kwa saa ya Kiswahili, geuza saa 5. Jioni weupe unageuka kijivu halafu giza kwa haraka ya ajabu.

Hatua ya 6: Viumbe na maji

Nyoka wapo, na wengine ni walewale wa kwetu Afrika, kifutu (wengine bafe) yupo Dhofar, na swila pia. Piga fimbo mbele yako kwenye majani marefu, usitie mkono kwenye tundu la mawe. Kupe wapo sababu ya mifugo, jikague jioni nyuma ya magoti. Chui wa Uarabuni wapo Samhan ila ni wachache mno, hutomwona, utakachoona ni pimbi wamejipanga kwenye jiwe wanakushangaa, na vinyonga.

Maji ya mabondeni yanavutia, usiogelee. Kwanza Dhofar imekuwa na historia ya kichocho, pili watu wanazama kila mwaka kwa kudhani ni kina cha magoti. Na bahari khareef yote iache kama ilivyo, lile wimbi la pwani ya Mughsail litazame kutoka nyuma ya kizuizi.

Hatua ya 7: Wenyeji

Milimani wao kwa wao wanaongea Kijibali, sio Kiarabu, hata rafiki zangu wa Muscat hawaambulii neno. Salamu ya assalaamu alaykum inafungua kila mlango. Yale majani unayotembea juu yake ni malisho ya mtu, funga geti ulilolikuta limefungwa. Wanawake usiwapige picha. Vaa nguo ya kufunika magoti na mabega, kwa baridi ile utataka mwenyewe. Ukikaribishwa maziwa kunywa chai yao yenye maziwa yaliyochemka, ya moja kwa moja kutoka kwa ngamia kataa kwa adabu, tumbo lako halijayazoea na safari bado ndefu.

Hatua ya 8: Kurudi

Sasa nyama unaweza kula, umeistahili. Pale Ittin kuna migahawa wanachoma madhbi, nyama inaivia juu ya mawe ya moto, na mishkaki ambayo hata jina hawajabadilisha sana. Ukishuka mjini kwenye vibanda vya barabarani kuna madafu, papai, na ndizi fupi tamu, unaweza kukaa pale na muuzaji akakuuliza kwa Kiswahili safi umetoka Unguja au Pemba. Mimi imenitokea, na tulikaa mpaka magharibi.

Kabla ya kulala toa soli za ndani za buti, jaza magazeti makavu, badilisha magazeti alfajiri. Usiziweke kwenye jua wala heta, gundi inaachia. Na ukitaka zawadi ya kupeleka nyumbani pitia soko la Haffa ununue ubani wa hojari, ule mweupe unaokaribia kijani. Mti wake unaota upande wa pili wa mlima, kule ukungu usikofika. Uweke kwenye mfuko wake peke yake mbali na nguo za tope, maana mimi nilichanganya, na mama mpaka leo akiwasha chetezo anasema ubani wako una harufu ya ng'ombe.